Vituo Sita Nje ya Mugango

Siku ile tulikuwa watu wanane mwaloni Mugango, ufukweni mitumbwi inapotia nanga, na nawataja wote kwa sababu wote waliona. Alikuwepo mtaalamu kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, mtu mwembamba mwenye penseli nyuma ya sikio. Alikuwepo dereva wake, ambaye hakwenda mbali na gari kwa sababu alikuwa analinda mashine. Alikuwepo mzee aliyempigia baba yangu kasia miaka yote, na baba alipokufa akaendelea kunipigia mimi. Alikuwepo baba mdogo, ametoka Bunda na basi la kwanza, kwapani ameshika salfeti tupu ya kutilia nguo za watoto. Walikuwepo wadogo zangu watatu: wa kike wa miaka kumi na tatu, wa kiume wa miaka kumi, na kitinda mimba wa kike ambaye hata miaka sita hakuwa ametimiza. Wa nane ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Mtaalamu alikuwa ameshika daftari langu. Ndani yake kulikuwa na kina cha ziwa kwenye vituo arobaini na vinne, vyote kwa mwandiko wangu. Vituo sita kati ya hivyo sikuwahi kuvipima. Mzee alijua kuna siku hatukuingia majini, lakini hakujua kusoma, kwa hiyo hakujua nimeandika nini. Nilijua mimi peke yangu.

Lazima nieleze kazi yenyewe, maana kijijini mpaka leo wapo wanaosema tulikuwa tunatafuta dhahabu. Mtaalamu alikuwa anachora sakafu ya ziwa. Alituambia kwamba nchi za nje kuna wenzake wanachora sakafu ya bahari nzima bila kuteremsha kamba, kwa kutumia satelaiti. Satelaiti haioni chini ya maji. Inapiga mwale kwenye uso wa maji na kuhesabu muda unaochukua kurudi, ndipo inajua uso uko juu au chini kiasi gani. Na uso wa bahari, alisema, si tambarare. Penye mlima chini ya maji, mlima ule kwa uzito wake unavuta maji ya pembeni yaje juu yake, yanajikusanya kimo cha mtu, ila yamesambaa kwa upana mkubwa kiasi kwamba meli inapanda na kushuka bila nahodha kuhisi. Penye bonde, maji yanabonyea.

"Kwa hiyo ziwa letu lina nundu kama fahali," mzee akasema.

"Linazo, mzee. Ndogo sana."

"Na mimi nimezipanda miaka arobaini bila kulipwa."

Mtaalamu alicheka, lakini alirudi upesi kwenye jambo alilotaka tulishike. Nundu peke yake haitoshi. Kilima kidogo cha mwamba mzito na kilima kikubwa cha mwamba mwepesi vinaweza kuvuta maji sawasawa. Kwa hiyo hata hao wa satelaiti lazima wawe na mahali pengi ambapo mtu ameteremsha kamba kweli, ndipo hesabu zao zijue kusoma kinachotoka juu. Bila kamba, alisema, ni kumpa mtoto kitabu kabla hujamfundisha herufi.

Ziwa letu si la kina kirefu ukililinganisha na bahari, na satelaiti inapita juu yake kwa njia chache tu. Mapengo aliyajaza kwa mashine ndogo ya kupima mvutano wa ardhi, yenye ukubwa wa ndoo, iliyoviringishwa mablanketi ndani ya gari. Aliisimamisha kila baada ya mwendo kidogo kwenye barabara ya Bunda kuja Musoma, akaipeleka Butiama, akaishusha mpaka kwetu ufukweni. Na kila jioni ilibidi irudi kwenye nguzo ileile ya mjini Musoma ilipoanzia asubuhi, kwa sababu mashine yenyewe huteleza polepole kutwa nzima, namba zake zikihama bila mtu kuigusa, na usipoirudisha siku ileile hujui imeteleza kiasi gani. Mvutano wa nchi kavu ulikuwa wake. Kina cha maji kilikuwa changu.

Kazi niliipata kwa sababu nilikuwa na mtumbwi na nilijua kuandika. Mama alitangulia, baba akafuata mwaka uliofuata. Nilikuwa nimeingia kidato cha kwanza Musoma. Nilirudi nyumbani na sanduku langu kabla ya mitihani ya nusu mwaka, basi, shule ikaishia hapo. Ilikuwa miaka ile maduka yameanza kujaa tena. Watu waliopanga foleni ya sabuni sasa walikuwa wanaitazama imepangwa hadi juu ya rafu, na bei inawashinda. Shule zilikuwa zimeanza kudai ada. Magari ya barafu yalikuja mwaloni kubeba sangara wa kupeleka viwandani, na sisi wenye nyavu kuukuu tulibaki kugombea waliokataliwa.

Kwetu yatima hawaachwi peke yao. Baada ya matanga ukoo unakaa, watoto wanagawanywa, mmoja huku, mwingine kule, na anayemchukua mtoto anahesabiwa amefanya wema. Niliomba wadogo zangu waachwe kwangu. Wazee walinipa muda, na muda ule ulipita na bado tulikuwa tunakula mara moja kwa siku. Yule wa kike mkubwa alikwenda kwa shangazi Butiama, kwa muda tu, tuliambiwa. Wawili waliobaki baba mdogo alitaka kuwapeleka Bunda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto saba wake mwenyewe na bado alisema leta.

Nilimwomba kitu kimoja. Mtaalamu alikuwa ameahidi kwamba daftari likikaguliwa na kuwa sawa, atanipa kazi ya mshahara hadi mwisho wa mwaka: kusoma kijiti cha kimo cha maji kila asubuhi na kila jioni pale mwaloni, ili siku satelaiti inapopita, kuwe na mtu chini anayejua maji yako wapi. Nikiipata kazi hiyo, watoto wanabaki. Nikiikosa, wanaondoka. Baba mdogo alikubali, tukapeana mkono. Ndiyo maana siku ya ukaguzi alikuja na salfeti.

Sasa vile vituo sita.

Vilikuwa vya mwisho, mbali, nje kabisa ya rasi. Kila kituo tulikipata kwa kulinganisha vitu vya nchi kavu, mwamba fulani uingie nyuma ya kanisa, kilima fulani kitokeze pembeni ya kisiwa, kama wavuvi wanavyotafuta mahali walipoacha nyavu. Siku tuliyopanga kwenda huko, alfajiri alipita muuza dagaa wa baiskeli akitokea Butiama. Akaniambia, bila kushuka, kwamba mdogo wangu hayuko shule tena. Anachunga ndama na kubeba mtoto wa shangazi mgongoni.

Niliazima baiskeli. Nilifika Butiama jua limeshapanda, nikasimama uani kwa shangazi, tukaongea maneno ambayo sitayaandika, na nikarudi naye amekaa nyuma ya baiskeli, kitabu kimoja cha hesabu mkononi. Kesho yake upepo ulichafua ziwa kutwa nzima. Keshokutwa yake mtaalamu alikuwa anakuja kuchukua daftari.

Alikuwa ameniachia mchoro wa mistari ya kina, aliyoikisia mwenyewe kutoka ramani ya zamani. Niliutandika mezani, nikatazama vituo vile sita vinaangukia wapi, nikaandika: pima kumi na tano, kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba, kumi na saba, kumi na nane. Nilibadilisha kidogo mkazo wa kalamu kati ya kituo na kituo, ili visionekane vimeandikwa kwa mkao mmoja. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi nikikumbuka, kwamba nilikuwa na utulivu wa kufanya hivyo.

Mtaalamu alichukua daftari, akaenda nalo mjini Musoma, na baada ya siku nne akarudi. Safari hii alikuwa na kamba yake mwenyewe. Tangu mwanzo ilikuwa imekwama bandarini Dar, ndiyo maana aliniambia nitumie ya kwangu: pima ni futi sita, alisema, wewe hesabu pima, mimi nitageuza. Kamba yake ilikuwa nyembamba, imetiwa rangi kila mita, na chini ina chuma kizito. Asubuhi tuliingia majini, yeye, mzee na mimi, tukarudia vituo vitatu ambavyo nilivipima kwa uaminifu wote. Tuliporudi ufukweni wote walikuwa wanatungoja.

Alikaa juu ya ukingo wa mtumbwi, akafungua daftari.

"Kijana, kituo cha tisa umeandika pima ngapi?"

"Kumi na nane."

"Ambayo ni futi mia moja na nane. Mita thelathini na tatu hivi. Leo kamba imesoma ngapi?"

"Thelathini na tano."

"Na ushee. Na vile viwili vingine?"

Aligusa namba zile mbili kwa penseli, maana alikuwa anajua.

"Vyote vitatu umeandika kina kifupi. Mtu akikosea, anakosea huku na huku. Wewe unakosea upande mmoja." Akafunua ukurasa wa mwisho. "Ila hapa. Thelathini na tisa mpaka arobaini na nne. Hivi sita vimekaa juu ya mstari wangu kabisa. Hapa naona mtu aliyefanya kazi. Kule kwingine ulikuwa wapi?"

Vituo thelathini na vinane, ambavyo kila kimoja kilitutoa malengelenge, vilikuwa vimekuwa uongo, na vile sita vya mezani vimekuwa kweli.

"Mwanangu," baba mdogo akasema, "unaulizwa ulikuwa wapi."

"Alikuwa majini," mzee akadakia. "Muulize mgongo wangu, mtaalamu. Huu haujui kusoma lakini unakumbuka."

"Mzee, sisemi hamkwenda. Nasema namba hazikai."

"Haya. Unasema pima ni futi sita. Pima ya nani hiyo?"

"Ya kitabu."

"Kitabu kina mikono?"

Dereva alicheka garini. Mtaalamu hakucheka. Mzee alikwenda kwenye mtumbwi, akavuta kamba yetu ya katani ikiwa bado imelowa, akaitupa mchangani. Ilikuwa na fundo kila pima moja, yaani upana wa mikono miwili iliyotanuliwa, na mafundo yale aliyafunga baba kwa mikono yake.

"Huyu baba yake alikuwaga mrefu," mzee akasema, "mlango wa kanisa anainama. Zamani kamba tulikuwa tunauziwa kwa pima dukani. Sasa wewe ukienda na mikono yako mifupi, mwenye duka anapima kwa mikono yake mifupi zaidi, unarudi na kitu cha kufungia mbuzi. Kwa hiyo ukoo mzima tukitaka kamba tulikuwa tunaenda na yeye. Anatanua mikono hivi, mwenye duka analia. Mwisho akamkataza kuingia. Alimwambia, wewe ukitaka kamba, tuma mke wako."

"Kweli kabisa," baba mdogo akasema, akajisahau akacheka. "Alimkataza. Hata mimi nilitumwa niende badala yake."

Mtaalamu aliita utepe wa kupimia kutoka garini. Waliinyoosha kamba mchangani, yeye huku na dereva kule, wakapima fundo hadi fundo, mara kumi. Mengine yalizidi, mengine yalipungua, lakini kwa wastani pima ya baba yangu ilikuwa futi sita na inchi tano. Mtaalamu alichuchumaa, akapiga hesabu ya kituo cha tisa pembeni ya ukurasa. Ikaja thelathini na tano na ushee. Akapiga vile viwili vingine. Vikaja.

"Mimi ndiye niliyekosea," alisema. "Nilipaswa kupima kamba kabla ya kukutuma. Samahani, kijana. Samahani, mzee."

Kitinda mimba alikuwa amekaa juu ya salfeti ya baba mdogo, anachora mchangani kwa kijiti. Nilimwona baba mdogo anamtazama, na nilijua kwamba kama mtaalamu angefunga daftari dakika ile, ingekuwa imekwisha, watoto wangebaki kwangu.

Hakulifunga. Alikuwa anaendelea kurekebisha, kituo baada ya kituo, penseli inakwenda upesi, mpaka akafika ukurasa wa mwisho, penseli ikasimama.

"Hivi sita sasa vinanitatiza. Nikivirefusha kama vingine vinatoka kwenye mstari. Nikiviacha, vinakaa." Aliinua macho. "Hivi ulivipima kwa kamba nyingine?"

Aliuliza bila hila yoyote. Jibu alikuwa amenipa mwenyewe. Ndiyo moja tu ilitosha. Kamba za kuazima mwaloni hazikosekani. Dereva alikuwa anatazama saa, kwa sababu mashine ilitakiwa Musoma kabla ya jioni. Mzee alikuwa ameinama anakunja kamba, na nilimwona anaacha kukunja.

Sitasema nilikuwa mwema. Niliifungua midomo ili niseme ndiyo. Kilichonizuia ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kuwaza kijiti cha maji, asubuhi na jioni hadi mwisho wa mwaka, mimi peke yangu na ile namba, na nikajua siku ya kwanza ya malaria nitaandika bila kwenda. Nilijifahamu. Nilikuwa nimeshafanya mara moja na mkono haukutetemeka.

"Sikuvipima," nikasema.

"Vipi?"

"Vile sita. Sikwenda. Nilivitoa kwenye mchoro wako."

Mdogo wangu wa kike, yule wa Butiama, alihesabu siku kichwani kwake, nikaona uso wake unabadilika.

"Ni siku uliyonifuata," akasema.

"Wewe nyamaza."

"Ni siku ile, kaka."

Baba mdogo alisimama. "Mwanangu, mtu anayeandika uongo kwenye kazi ya serikali, ndiye nimwachie watoto wa kaka yangu?"

"Si ya serikali," mzee akasema.

"Mzee, usinichanganye!"

Mtaalamu akachukua kifutio, akafuta namba sita, moja baada ya nyingine, akapuliza ukurasa. Akatazama ziwa. Upepo wa mchana ulikuwa haujaanza.

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Kuvipima. Tutakavyoviwahi."

Dereva alipiga kelele kwamba mashine itachelewa, akajibiwa kwamba akiona mawimbi yamegeuka meupe apige honi. Tulipiga makasia watatu, na sijawahi kuuona mtumbwi ule unakwenda vile. Mwamba ukaingia nyuma ya kanisa, kilima kikatokeza pembeni ya kisiwa. Kituo cha thelathini na tisa. Mtaalamu aliteremsha kamba yake mwenyewe, na mimi nikasoma alama. Niliandika mezani pima kumi na tano, yaani mita ishirini na saba na kitu. Ishirini na saba ilipita. Thelathini ikapita. Kamba iliendelea kuzama mikononi mwake mpaka thelathini na sita.

"Rudia," akasema.

Tulirudia, ikawa thelathini na sita. Kwenye cha arobaini ilikuwa arobaini na moja.

Aliketi chini ya mtumbwi, maji ya kuvuja yanamlowesha suruali, na ghafla alikuwa mtu mwingine. Alisema mashine ilikuwa imemwonyesha upungufu wa mvutano ufukweni mkabala na pale, siku mbili mfululizo, akadhani ni mashine imeteleza tu, kwa sababu daftari langu lilisema sakafu ni tambarare. Kulikuwa na bonde chini yetu. Hakuna ramani iliyokuwa nalo. "Linaelekea wapi?" alikuwa anajiuliza, akitazama mahali pa vile vinne vilivyobaki. "Linafunga hapo mbele, au linatoka?"

Tuligeuza mtumbwi kuelekea cha arobaini na moja. Maji yalianza kugonga ubavuni. Mzee alisema maneno mawili ya kikwetu, maana yake sasa basi. Kutoka ufukweni tukasikia honi.

Tulirudi tumelowa, tunachota maji na kofia ya mtaalamu. Hata mchangani hakukaa. Alipanga vitu vyake garini, kisha akanivuta pembeni.

"Kijiti sitakupa," alisema. "Ingekuwa kazi ya mtumbwini na mzee ningekupa, kwa sababu kuna shahidi. Kijiti ni mtu na namba tu. Nitampa mwalimu wa shule."

"Nimeelewa."

"Lakini usidhani sikuona ulichofanya leo. Hivi vinne unadaiwa. Ukivipata, andika tu kina na kamba ya nani, nitumie kwa posta." Akaniachia kamba yake ya mita. Gari likaondoka kwa kasi kuelekea Musoma, na vumbi lake lilikuwa bado halijatua pale baba mdogo alipomwinua kitinda mimba kutoka juu ya salfeti na kuikung'uta mchanga.

"Tulipeana mkono," akasema. Hakuwa na hasira tena.

"Nipe mpaka Jumamosi."

"Jumamosi kutakuwa na nini?"

"Nauza mtumbwi."

Mzee aligeuka akanitazama kana kwamba nimemtukana. Baba mdogo aliuliza nitaishi na nini, nikasema nitahamia mjini Musoma, Nyakato kuna vyumba, nitauza mitumba kama wengine wanavyouza. Alitafakari. Akakunja salfeti.

Mtumbwi ulinunuliwa na mtu wa sangara kabla ya Ijumaa. Tuliingia wanne kwenye chumba kimoja Nyakato, na wadogo zangu wakasoma kutokea hapo. Wa kike akafika mbali kuliko nilivyothubutu kumwombea. Mzee hakunisamehe kwa urahisi. Alifanya kazi kwenye mtumbwi wa yule mnunuzi miezi michache, akaacha, na haukupita mwaka mwingine tukamzika. Baada yake nilibaki mimi peke yangu ninayejua vituo vile vinapatikana kwa kulinganisha mwamba gani na nini.

Mara mbili nimepanga kukodi mtumbwi niende. Mara ya kwanza magugu maji yalikuwa yamefunga mwalo wote, hakuna aliyetoka. Mara ya pili fedha ya kukodi niliilipia ada ya shule njiani, sikufika hata Mugango. Mtaalamu aliniletea nakala ya ramani alipoimaliza. Bonde limechorwa kwa mstari mzima mpaka kituo cha arobaini, halafu kwa nukta nukta, halafu kuna vituo vinne vya duara tupu. Hakuandika neno lolote. Arobaini na moja, arobaini na mbili, arobaini na tatu, arobaini na nne: bado nadaiwa.